Kisima, Chumvi na Mashine: Safari Yetu ya Kilifi Hadi Malindi



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (s.a.w.), wiki hii twawaomba wasomaji wetu, hasa mama zetu na dada zetu ambao huijua bei ya maji kabla ya mtu mwingine yeyote nyumbani, wafuatane nasi katika safari fupi ya pwani yetu.

Tuliitwa Malindi na kamati ya msikiti mmoja wa mtaani. Ombi lao lilikuwa jepesi: tupande mimbari siku ya Ijumaa, tuwahimize waumini wachangie ununuzi wa mashine ya pili ya kuondoa chumvi kwenye maji, kwa kuwa ile ya kwanza, waliyopewa kwa wakfu miaka michache iliyopita, imechoka na maji yake hayawatoshi jirani. Tulikubali, lakini tukaomba tufike tangu Jumatano. Si vyema mtu kuziomba fedha za watu kwa jambo ambalo hajaliona kwa macho yake. Tulifuatana na kijana aliyesoma chuoni kwetu utotoni, ambaye leo ni fundi wa mashine za maji mjini Kilifi.

Visima vya waliotutangulia

Kabla ya kushika njia ya kaskazini, tulisimama kidogo Mnarani, upande wa kusini wa hori ya Kilifi. Wazee wetu wanakumbuka kwamba kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, msafiri alingoja feri hapo chini, na mwenye haraka alijifunza subira kwa lazima. Juu ya mwamba yamebaki magofu ya msikiti wa kale, kaburi la mnara, na kisima kirefu kilichochimbwa ndani ya jiwe la matumbawe. Tulipoinama na kuchungulia, kijana wetu alisema, "Maalim, hawa hawakuchimba kwa anasa." Ni kweli. Aliyejenga msikiti katika pwani hii alitafuta kwanza maji ya udhu, kisha ndipo akatafuta kibla cha kuta zake.

Tukavuka daraja, tukaupita mji wa Kilifi, tukaingia katika njia ndefu inayoambaa msitu wa Arabuko-Sokoke. Baada ya hori ya Mida tukapinda kuingia Gede, mji wa kale ambao mwaka 2024 uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Watoto wengi wetu wamepelekwa pale na shule zao, wakarudi na habari za nyani na za mizimu. Sisi tulikwenda kutazama visima.

Gede ulikuwa mji wa Waislamu, wenye msikiti mkubwa wa Ijumaa, misikiti midogo, nyumba za mawe zenye vyoo na mabirika, na kaure kutoka Uchina. Ulistawi kwa karne kadhaa, na kufikia karne ya 17 ulikuwa umehamwa. James Kirkman, aliyeufukua kuanzia mwaka 1948, na waliomfuata, wametaja sababu kadhaa za kuhamwa huko: vita, uhamaji wa watu, na mabadiliko ya biashara. Miongoni mwa sababu hizo iko moja isiyo na kelele: maji ya ardhini yalishuka. Kisima cha karibu na msikiti mkubwa kinaonyesha kwamba kiliongezwa kina baada ya kuchimbwa mara ya kwanza.

Tulikaa kwenye kivuli cha mti tukalitafakari jambo hilo. Watu wale walipoona maji yamepungua, walifanya kile ambacho kila mwanadamu hufanya: walichimba zaidi. Ardhi yetu ni ya matumbawe na chokaa, yenye matundu kama sifongo. Mvua inaposhuka, maji matamu huzama na kuelea juu ya maji ya chumvi yanayopenya kutoka baharini, kwa kuwa ya chumvi ni mazito zaidi. Wanajiolojia wana kanuni yao: kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Kwa hesabu hiyo, akiteka mtu mpaka akashusha maji kwa mita moja, mpaka wa chumvi ulio chini hupanda kiasi cha mita 40. Ndiyo maana kisima cha pwani hakikauki kama cha bara. Hubadilika ladha kwanza.

Mtungi mmoja na Yasin mbili

Malindi tulifika baada ya adhuhuri. Mji huu hunywa maji ya mabomba yanayotoka Baricho, kwenye visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki, ambavyo ndivyo pia huinywesha sehemu kubwa ya pwani hadi Mombasa. Bomba likifika, alhamdulillah. Lisipofika, kwa hitilafu au kwa mafuriko ya mto, watu hurudi kwenye visima, na visima vya mitaa iliyo karibu na bahari vina chumvi. Hapo ndipo thamani ya mashine ya msikiti inapoonekana.

Tuliikuta foleni ya kina mama na mitungi ya manjano, na mabinti wadogo wawili ambao kwa saa ile walistahiki kuwa chuoni na misahafu yao. Tangi la maji safi lilikuwa tupu, kwa hivyo kila mtungi ulijazwa moja kwa moja kutoka kwenye kijibomba cha mashine. Tukamwamkia bibi mmoja aliyekaa kwenye baraza, tasbihi mkononi, tukamuuliza hali ya maji.

"Sheikh," alisema, "zamani nikiuweka mtungi wangu na kuanza Yasin, nikiimaliza mtungi umejaa. Siku hizi namaliza Yasin mbili na bado nangoja. Na sufuria yangu ya chai imeanza kufanya ukoko mweupe. Nilimwambia mwanangu, mashine hii haikuzeeka, mashine hii inaumwa."

Tunakiri kwamba katika siku mbili zile hatukusikia kauli yenye elimu zaidi. Kijana wetu alitoa saa yake akapima. Mtungi wa lita 20, ambao kwa karatasi ya aliyeifunga mashine ulipaswa kujaa kwa dakika 12, ulijaa kwa dakika 27.

Jinsi inavyofanya kazi

Tueleze kwa ufupi, ili msomaji afahamu kilichofuata. Yakitenganishwa maji matamu na ya chumvi kwa utando mwembamba sana, kwa maumbile aliyoyaweka Mwenyezi Mungu maji matamu huvuka kwenda upande wa chumvi. Hiyo huitwa osmosisi. Mashine hii, ambayo mafundi huiita RO, huligeuza jambo hilo: pampu huyasukuma maji ya chumvi kwa nguvu dhidi ya utando, maji yakavuka, chumvi ikabaki nyuma. Chumvi ikizidi, nguvu inayohitajika huzidi. Maji ya bahari, yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, huhitaji mkandamizo wa kama bari 55 hadi 70. Maji ya kisima ya chumvichumvi hutosheka na bari 10 hadi 20. Kwa kulinganisha, tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bari mbili na kidogo.

Utando wenye uwezo wa kazi hii ulipatikana California karibu na mwaka 1960, kwa juhudi za Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, na mwaka 1965 mji mdogo wa Coalinga ukaanza kunywa maji yake. Leo ndugu zetu wa Ghuba hunywa bahari kwa njia hii. Hapa kwetu, kule Kiunga katika kaunti ya Lamu, shirika la GivePower lilijenga mtambo unaoendeshwa kwa nguvu za jua mwaka 2018. Basi si jambo geni wala si la ajabu. Lakini lina adabu yake, na ya kwanza ni hii: mashine haiumbi maji. Hutoa kwa kadiri ya inavyopewa, na kila lita safi inayotoka huacha nyuma maji mengine yaliyobeba chumvi ya zote mbili.

Maradhi manne

Alhamisi asubuhi kijana wetu alifungua mashine mbele ya kamati. La kwanza lilionekana kwa macho. Vichujio vya mwanzo, vile vya uzi na mkaa ambavyo huzuia mchanga na tope kabla maji hayajafika kwenye utando, vilikuwa na rangi ya udongo wa Sabaki. Vilipaswa kubadilishwa kila baada ya miezi michache. Havikuwahi kubadilishwa kwa zaidi ya mwaka. Pampu ilikuwa ikivuta maji kupitia tambara lililoziba, na shinikizo likafa njiani kabla ya kufika kazini.

La pili lilimhusu mwadhini, mzee mwenye heshima ambaye ndiye mwangalizi wa mashine. Aliona maji ya chumvi yanayotoka upande wa pili yakimwagika mchana kutwa, moyo wake ukaumia kwa kuogopa israfu, basi akakaza kile kifungulio mpaka yakabaki kama uzi. Nia yake ilikuwa njema kabisa. Lakini maji yale ndiyo yanayoosha utando na kuiondoa chumvi. Yakizuiwa, chumvi na chokaa hujilundika, hugeuka jiwe juu ya utando, na matundu huziba. Ule ukoko wa sufuria ya bibi ulikuwa ni dalili kwamba utando umeanza kuchoka na kupitisha usiyoyataka. Tulimweleza mzee kwa upole, tukamwambia kwamba israfu ni kumwaga bila faida, na kwamba maji haya yana kazi: kwanza humwosha aliyeyatoa, kisha hutafutiwa kazi nyingine.

La tatu ndilo lililotunyamazisha. Kijana aliuliza, "Na haya maji ya chumvi huishia wapi?" Akaonyeshwa shimo la kunyonya maji, hatua kama ishirini kutoka kisimani. Alikitia kipimo cha chumvi ndani ya maji ya kisima: miligramu 2,900 kwa lita. Karatasi ya aliyeifunga mashine ilisema 2,100. Jiwe la matumbawe halizuii kitu. Mashine ilikuwa ikitoa chumvi kisimani, ikaimwaga shimoni, nayo ikarudi kisimani kwa njia ya chini, na mashine ikaivuta tena. Ilikuwa inakunywa taka yake yenyewe, na kila mwezi kazi yake ikawa nzito zaidi.

La nne walilisema wenyewe bila kujua uzito wake: siku za kiangazi, ikifika alasiri, pampu ya kisima huvuta hewa.

Tukatazamana. Mashine ya pili ingeongeza mara mbili maji yanayotekwa katika kisima kilekile ambacho hakifiki magharibi, na mara mbili chumvi inayomwagwa katika shimo lilelile. Kwa mwaka wa kwanza watu wangefurahi. Baada ya hapo wangekuwa na mashine mbili zinazoumwa na kisima kisichoponyeka, na fedha za wajane na wavuvi zingekuwa zimetumika kuiharakisha habari ya Gede.

Tiba

Mchana kutwa kijana alifanya kazi. Alibadilisha vichujio. Aliusafisha utando kwa maji yaliyochanganywa na asidi ya ndimu ya unga, akayazungusha kwa zaidi ya saa moja ili chokaa iyeyuke, kisha akayamwaga yote na kuusuuza utando kwa muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuruhusiwa kunywa. Kifungulio cha maji ya chumvi alikirudisha mahali pake, ili kila lita moja safi iandamane na lita moja ya kutupwa, akakitia alama ya rangi mzee asisumbuke kukisia.

Maji ya chumvi yalielekezwa kwenye tangi la vyoo na la kuoshea ua, na yanayozidi yapelekwe kwa bomba mpaka mtaro wa upande wa bahari, mbali na kisima na mbali na miti. Mwadhini aliuliza kama yafaa kwa udhu. Tukamjibu kwa madhehebu yetu ya Shafii: chumvi iliyotokana na maji yenyewe haiyatoi kwenye utohara wake, na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya bahari alithibitisha kwamba maji yake hutoharisha. Ama maji ya siku ya kusafishia kwa asidi, hayo yasitumiwe. Wallahu a'lam.

Jioni mtungi wa lita 20 ulijaa kwa dakika 15. Haukurudi dakika 12, kwa kuwa utando ulioumizwa na chokaa haurudi ujana wote, na huenda ukahitaji kubadilishwa. Bibi wa baraza alikuja na mtungi wake. Tulimwona midomo ikitikisika, na hatukuuliza alikuwa amefika aya gani.

Ijumaa

Likabaki jambo zito. Mfadhili mmoja alikwisha ahidi sehemu kubwa ya bei ya mashine mpya, kwa sharti la jiwe la marumaru lenye jina la marehemu baba yake. Mwenyekiti wa kamati aliona haya kumrudia. Tulikwenda naye nyumbani kwake usiku baada ya isha. Tulimweleza kwamba paa la msikiti lina mita za mraba karibu 200. Kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Malindi hupata takriban milimita 1,000 kwa mwaka, nyingi katika masika ya Aprili hadi Juni. Hata ikipotea robo, paa lile lapokea kama lita 150,000 ambazo leo humwagika barabarani. Yakikingwa kwa mifereji na kuhifadhiwa tangini, sehemu yake itanywesha watu, sehemu itachanganywa na maji ya kisima kabla ya kuingia mashineni, chumvi ipungue na mashine itoe zaidi kwa nguvu ileile, na zitakazozidi zitarudishwa kisimani zikiwa zimechujwa. Wazee wetu walijenga mabirika na majabia ya mvua kwa hekima hii.

Alinyamaza. Kisha akasema, "Lakini Sheikh, jina la baba nitaliandika wapi? Juu ya mfereji wa bati?" Tulicheka sote, naye akacheka. Tukamwambia kwamba Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma na kukiwakfia Waislamu, na hakuna anayeuliza leo jiwe lake liliandikwaje. Asubuhi alituma ujumbe: fedha zielekezwe kwenye mifereji na tangi.

Siku ya Ijumaa hatukuomba mashine. Tuliomba mifereji, tangi, na akiba ya vichujio vya kila robo mwaka. Tuliwakumbusha waumini kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, ambacho ni chini ya lita moja, na kwamba bomba la udhu lililofunguliwa wazi humaliza kiasi hicho kabla mtu hajaufikia uso wake.

Kwa wenye mashine nyumbani

Nyumba nyingi za Mtwapa, Kilifi na Malindi sasa zina mashine ndogo chini ya sinki, na malalamiko huwa yaleyale: maji hutiririka kama machozi. Kabla hujaitupa au kuiuza, mamangu, fuata mpangilio huu.

Tazama kwanza nguvu ya maji yanayoingia. Kila mita 10 za kimo hutoa bari moja. Tangi lililo juu ya paa, mita 5 juu ya jikoni, latoa nusu bari tu, ilhali mashine nyingi za nyumbani zataka bari 3 au zaidi. Hapo dawa ni pampu ndogo ya kuongeza nguvu.

Pili, badilisha vichujio kwa wakati, na usiache kile cha mkaa, kwani klorini ya maji ya bomba huula utando.

Tatu, kama maji hutoka vizuri kwa kikombe kimoja kisha yakakatika, huenda kitangi kimepoteza upepo wake. Kikiwa kitupu kinatakiwa kiwe na kama nusu bari.

Nne, usizibe bomba la maji ya kutupwa. Yakinge kwa ndoo, yatumie chooni na sakafuni.

Tano, usihofu yakipungua kidogo wakati wa kusi. Maji ya baridi huvuka utando kwa uzito, takriban asilimia 3 pungufu kwa kila nyuzi moja ya joto inayoshuka. Kaskazi ikirudi, nayo yatarudi.

Na tusidanganyike kwamba kuchemsha huondoa chumvi. Moto huua vijidudu, lakini mvuke huondoka peke yake na chumvi hubaki sufuriani, ikazidi.

Tuliporudi Kilifi jua lilikuwa linazama, na wale mabinti wawili wa foleni tulikuwa tumewaacha kwenye ukumbi wa chuo wakisoma kwa sauti. Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuhifadhi neema kabla ya kuomba nyingine, na aipokee sadaka ya mwenye kutoa mifereji ya bati. Wabillahi tawfiq.